Kompyuta ni moja: mdogo wangu anataka kasi, mimi nataka kazi ifike mwisho

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mimi ni dada wa miaka 34, na riziki yangu inatokana na kuhariri video za harusi: nikahi, kupamba, walima na sherehe za kumuaga bibi harusi. Kazi yote ya mezani naifanya mwenyewe nyumbani kwetu, kwenye kompyuta ambayo mdogo wangu wa kiume aliiunganisha kifaa kimoja kimoja, kwa vifaa vilivyotumika ambavyo tulikuwa tukitumiwa kwa basi kutoka Kariakoo. Wakati ule sikuwa na fedha ya kununua kompyuta nzima dukani, na bila ya mikono yake nisingeanza biashara hii.

Kompyuta yenyewe ina prosesa ya Intel Core i7-4790K, RAM ya DDR3 yenye GB 16, kadi ya michoro ya GTX 1060 yenye GB 6, na pawa saplai iliyokuja pamoja na kasha, ambayo ubavuni imeandikwa wati 600. Mdogo wangu aliiovakloki prosesa hiyo, yaani aliiongezea kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani, na kwa muda mrefu ilikwenda kwa GHz 4.6 bila ya usumbufu mkubwa. Mimi huitumia mchana na jioni kwa kazi, naye huitumia usiku kwa michezo yake. Vijana wa mtaani humwita fundi kwa sababu ya kompyuta hii, na baadhi yao wameshampa kazi ya kuwatengenezea za kwao.

Matatizo yalianza nilipobadilisha kamera. Sasa ninarekodi kwa H.265 (njia ya kubana video ili faili liwe dogo) ya biti 10, katika mfumo wa 4:2:2 unaohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi, kwa sababu rangi za maua, hina na nguo zinakubali kurekebishwa vizuri zaidi. Lakini nikiviweka vipande hivyo kwenye programu ya kuhariri, picha inakwenda kwa kurukaruka. Sauti inatangulia na mdomo unafuata. Mdogo wangu akasema dawa yake ni kasi, na usiku mmoja akaipandisha prosesa hadi GHz 4.8 bila ya kuniambia.

Wiki ileile nilikuwa na kazi ya bibi harusi aliyekuwa anasafiri alfajiri kwenda kwa mumewe Muscat. Nilianza kurenda, yaani kuitoa video ikiwa faili moja kamili, saa nne usiku. Ilipofika asilimia 83, skrini ikawa ya buluu na kompyuta ikajiwasha upya. Nikaanza tena kutoka sifuri, na safari ya pili ikakatikia karibu na palepale. Bibi harusi aliondoka bila ya video yake, na mama yake tukikutana sokoni huitikia salamu yangu huku akitazama pembeni. Nilipomuuliza mdogo wangu ndipo aliponieleza habari ya 4.8, kama jambo la kawaida tu.

Sasa tumevunja kikoba chetu, na mgao wangu ni shilingi milioni 1.6. Mdogo wangu ana vibarua vya kufunga umeme, naye ametoa laki tisa, kwa hiyo tuna milioni 2.5 za kuijenga upya. Amempata muuzaji ambaye mzigo wake unatoka Dubai, mwenye prosesa ya Core i7-13700K iliyotumika, madabodi (bodi kuu) ya Z790 na kipoza joto cha maji. Anataka tuchukue vyote vitatu, na kadi ya michoro na pawa saplai zibaki hizihizi mpaka tutakapopata fedha nyingine. Anasema, “Dada, ukinunua prosesa iliyofungwa umenunua nusu ya kompyuta.” Iliyofungwa ni ile isiyoruhusu kuovaklokiwa. Mimi kwa upande wangu nimesoma habari za Ryzen 7 5700X na za Core i5-13400, nikaona ni prosesa tulivu zisizokula umeme mwingi, na moyo wangu uko zaidi kwa hiyo Ryzen.

Nilipomtajia, alinyamaza, kisha akaenda kumwambia mama kwamba nilimtumia nilipokuwa sina kitu, na sasa ufundi wake naona haufai. Mama anasema, “Wewe ndiye mkubwa, mwachie.” Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki kurudia usiku ule. Je, nikubali orodha yake ya vifaa, nichague yangu, au kuna njia ya katikati? Na kuovakloki kwenyewe, kuna faida gani kwa mtu wa kazi kama yangu?

Ni mimi,
Mhariri wa Harusi, Tanga

JIBU

Dada yangu wa Tanga,

Umenirahisishia kazi kwa kuvitaja vifaa kwa majina yake, na pole kwa usiku ule. Fedha za kikoba si fedha za kuchezea, na mdogo mtu aliyekusaidia ulipokuwa huna si mtu wa kumpita hivihivi. Ninavyoielewa barua yako, una picha inayorukaruka wakati wa kuhariri, una kompyuta inayozima wakati wa kurenda, na una mdogo wako aliyeumia. Nyote wawili mmeyachukua mambo haya kama tatizo moja lenye dawa moja, kwamba kasi ama iongezwe ama ipunguzwe. Naomba tuyatenganishe, kwa sababu sidhani kwamba chanzo chake ni kimoja.

Nianze na picha inayorukaruka, maana hapa ndipo fedha nyingi zinaweza kupotea bure. Video ya H.265 haihifadhi kila picha kwa ukamilifu. Huhifadhi picha chache kamili, na nyingine huandikwa kama tofauti tu na zilizo karibu nazo. Ili uone sekunde moja katikati ya nikahi, kompyuta hulazimika kuzijenga upya picha nyingi zinazoizunguka. Kazi hiyo hufanywa kwa wepesi na sakiti maalumu zilizomo ndani ya prosesa au kadi ya michoro, lakini kila sakiti inajua aina fulani tu za video. Prosesa yako ni ya mwaka 2014 na haina kabisa sakiti ya kufumbua H.265. GTX 1060 inayo, hata kwa biti 10, lakini ni kwa mfumo wa 4:2:0 peke yake, unaohifadhi taarifa chache zaidi za rangi. Ulipohamia 4:2:2, mzigo wote ukaangukia viini vinne vya prosesa, yaani sehemu zake za kufanyia kazi, na viini hivyo vikazidiwa. Hata mdogo wako angefaulu kuifikisha 4.8 ikatulia, picha ingeendelea kurukaruka.

Hapa niruhusu niulize swali kuhusu chaguo lako mwenyewe. Umeipenda Ryzen 7 5700X, na ni prosesa nzuri: ina viini vinane, imepangiwa wati 65, na hutumia RAM ya DDR4. Lakini haina sehemu ya michoro ndani yake, kwa hiyo kufumbua video kutabaki kwa GTX 1060, ambayo tumeshaona haijui 4:2:2. Ina viini vingi zaidi na vyenye nguvu zaidi kuliko ulivyonavyo, kwa hiyo utapata nafuu, ila nafuu hiyo itatokana na kutumia nguvu, nayo huenda isitoshe ukipanga vipande vya kamera mbili kwa pamoja. Sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11 inazo sakiti za 4:2:2 ya biti 10, na kwa upande wa Nvidia zimeingia katika kadi za mfululizo wa RTX 50 zilizotoka mwaka 2025. Kwa hiyo Core i5-13400 ingeifanya kazi hiyo, alimradi isiwe ile yenye herufi F mwishoni, ambayo haina sehemu ya michoro. Na kwa haki ni lazima niseme kwamba hata i7-13700K ya mdogo wako ingeifanya. Katika jambo hili, orodha yake inaifaa kamera yako kuliko Ryzen uliyoipenda, ingawa nadhani hakuichagua kwa sababu hiyo.

Kabla ya hayo yote, kuna njia mbili zisizogharimu hata senti. Ya kwanza ni kutumia nakala nyepesi: programu nyingi za kuhariri zinaweza kutengeneza nakala ndogo za video zako, ukahariri juu ya nakala hizo, na wakati wa kurenda programu ikarudi kwenye faili halisi. Gharama yake ni muda wa kuzitengeneza na nafasi kwenye diski. Ya pili ni kuingia kwenye menyu ya kamera na kujaribu 4:2:0 ya biti 10, kama kamera yako inayo. Mfumo huo hubeba nusu ya taarifa za rangi zilizomo katika 4:2:2, lakini biti 10 zinabaki, na kwa harusi ya kawaida si rahisi mteja kuona tofauti kwenye televisheni ya sebuleni. Angalia pia kwamba programu yako imeruhusiwa kuitumia kadi ya michoro kufumbua video, maana wakati mwingine mpangilio huo huwa umezimwa na mtu hajui.

Tuje kwenye kuzima. Umejiaminisha kwamba kosa ni la 4.8, na dalili zinaelekea huko, kwa sababu skrini ya buluu katikati ya kurenda ni tabia ya prosesa au RAM iliyosukumwa kupita uwezo wake. Hata hivyo, bado hujathibitisha. Prosesa hii ikitumia viini vyote vinne kwa mipangilio ya kiwandani hukimbia kwa GHz 4.2. Ukiipandisha hadi 4.7, umeongeza asilimia 12 hivi, na kwa hesabu nzuri kabisa kazi ya saa moja itamalizika kwa takriban dakika 54. Umeokoa dakika sita. Kazi hiyohiyo ikikatika kwenye asilimia 80, umepoteza zaidi ya dakika arobaini, yaani akiba ya kazi sita au saba zilizokwenda salama. Hesabu hiyo ndiyo jibu langu kwa swali lako la faida. Kwa mchezaji, mchezo ukizima anauwasha tena na kucheka na wenzake; kwako wewe faili lililokatika halina sehemu inayofaa. Faida ya kasi mnaigawana, lakini hasara ya kuzima unaibeba peke yako, na nadhani hili mdogo wako hajawahi kulitazama kwa macho yako.

Joto nalo lina sehemu yake. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya kasi, na kwa kadiri ya volti zilizozidishwa kwa zenyewe. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10, na ili itulie ukapandisha volti kwa asilimia 10, matumizi hupanda kwa asilimia 33 hivi. Joto lote hilo linatolewa ndani ya chumba ambacho Tanga, mwezi wa pili, tayari kina joto la kutosha. Na kipoza joto, kiwe cha feni au cha maji, hakiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi saba, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi saba. Mpangilio uliotulia mwezi wa saba unaweza kuyumba kiangazi bila ya mtu kugusa kitu. Ongeza vumbi, na pesti ya kupitisha joto ambayo huenda imekauka kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ningependa mfanye jaribio kabla ya kununua chochote: mrudishe mipangilio yote ya kiwandani kwenye BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya madabodi), ikiwa ni pamoja na ile ya kuharakisha RAM, msafishe vumbi, mbadilishe pesti, kisha ufanye kazi zako za kawaida kwa wiki kadhaa. Ikitulia, mmepata jibu. Ikiendelea kuzima, basi 4.8 haikuwa mkosaji pekee, na itafaa kuipima RAM usiku kucha kwa programu kama MemTest86 na kuitilia shaka pawa saplai. Ukibadilisha prosesa na kumbe tatizo liko kwenye umeme, utahama na tatizo lako.

Pawa saplai hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyovitaja. Mwambie mdogo wako aifungue kompyuta, na msome pamoja kibandiko chake. Tafuteni safu ya 12V na amperi zilizoandikwa hapo, kisha mzidishe kwa 12. Ikiwa mtakuta amperi 30, uwezo wake wa kweli kwa prosesa na kadi ya michoro ni wati 360, hata kama ubavuni pameandikwa 600 kwa herufi kubwa. Core i7-13700K inaruhusiwa na Intel kufika wati 253 inapokuwa na mzigo mzito, na GTX 1060 imepangiwa wati 120. Jumlisha, na bado hujaongeza diski wala feni, wala hujaovakloki. Kifaa ambacho mdogo wako anataka kibaki ndicho ambacho mafundi wengi wangekibadilisha mwanzo, kwa sababu pawa saplai nzuri huhama na mtu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa miaka, na mbovu ikiungua inaweza kuondoka na madabodi. Yeye anafunga umeme majumbani. Hesabu ya amperi haitamsumbua, na atapenda zaidi kuigundua mwenyewe kuliko kuambiwa.

Kuhusu 13700K yenyewe, kuna habari ambayo kila mnunuzi wa mkono wa pili anapaswa kuijua. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipokea volti za juu kupita kiasi katika hali fulani, na baadhi zikachakaa na kuanza kuyumba. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti ya mwaka huo, na ikaongeza udhamini kwa miaka miwili. 13700K imo katika orodha ya udhamini huo, 13400 haimo. Lililo zito ni kwamba marekebisho huzuia uchakavu mpya, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa, na uchakavu huo hauonekani kwa macho. Prosesa iliyotumika na mtu usiyemjua, pengine kwa kuovaklokiwa, na isiyo na risiti ya kudaia udhamini, inaweza kuwa nzima kabisa au ikaanza kukuangusha baada ya miezi michache. Sisemi msiinunue. Nasema bei yake ya chini ina sababu, na sababu hiyo muihesabu. Mkiiendea, ulizeni kama muuzaji ataiwasha mbele ya mtu wenu na kuibebesha mzigo mzito kwa saa nzima, na kama mnaweza kuirudisha ndani ya muda fulani. Halafu muweke BIOS mpya kabla ya jambo lolote, na mtu asiguse volti.

Mdogo wako naye ana dhana inayofaa kuulizwa kwa upole. Kauli yake kwamba prosesa iliyofungwa ni nusu ya kompyuta ilikuwa na nguvu zamani. Core i5-2500K ya mwaka 2011 ilitoka kiwandani na GHz 3.3, na watu wengi waliifikisha 4.5 kwa kipoza joto cha kawaida. Hiyo ilikuwa faida ya kweli kwa bei ndogo. Siku hizi viwanda vyenyewe huisukuma prosesa karibu na ukingo wake. 13700K inafika GHz 5.4 bila ya mtu kuigusa, na kilichobaki juu ya hapo ni kidogo na hulipiwa kwa joto jingi. Kwa sababu hiyo, mafundi wengi wa sasa wanaopenda mchezo huu wanauelekeza upande wa pili: wanashusha volti na kuweka kikomo cha wati, ili prosesa itoe kazi karibu ileile kwa joto dogo na kelele ndogo. Ni ufundi unaodai uvumilivu na vipimo vingi kama ule wa kupandisha, na katika mji wa joto kama wenu huenda ukampatia jina zaidi. Hata huo nao, ukishushwa mno, huzima kompyuta. Kwa hiyo unahitaji makubaliano yaleyale. Na kama mtachukua prosesa iliyofungwa ya Intel pamoja na madabodi ya B760, bado atakuwa na uwanja wa kuiharakisha RAM na kupanga feni, ingawa si kasi ya prosesa.

Sasa yeye mwenyewe. Ulipomtajia Ryzen, ulikuwa unazungumzia kifaa, naye pengine alisikia habari zake. Kompyuta ile ndiyo iliyompa jina la ufundi mtaani, na ndiyo tangazo lake la kazi. Ulisema usiku ule alikuambia habari ya 4.8 kama jambo la kawaida. Je, umewahi kumweleza ulichopoteza? Si kwa kumlaumu. Namaanisha kumkalisha na kumwonyesha kwamba mteja wa harusi huletwa na mteja mwingine, na kwamba mama wa bibi harusi yule anakaa na akina mama ambao wana mabinti. Inawezekana kabisa kwamba yeye anajua skrini ya buluu tu, hajui lililofuata sokoni.

Njia za kukaa pamoja zipo, na kila moja ina bei yake. Mnaweza kubaki na kompyuta moja, mkahifadhi mipangilio miwili ndani ya BIOS, mmoja wa kazi ulio wa kiwandani na mmoja wa michezo. Madabodi nyingi za kisasa zinaruhusu. Hatari yake ni usahaulifu, kwa maana siku atakayolala bila ya kurudisha, utaamka na kurenda juu ya mpangilio wake. Tena, volti za usiku huichakaza prosesa ileile unayoitegemea mchana. Njia nyingine ni wewe kujenga kompyuta ya kazi isiyoguswa, na ile ya zamani yenye 4790K ikawa yake moja kwa moja, aipandishe hadi ishindwe kama anataka. Hiyo ingempa uwanja wake, lakini isipoelezwa vizuri itafanana na kumpa makombo, hasa ikiwa laki tisa zake zimeingia kwenye kompyuta yako. Ajue pia kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi hicho haimo katika zinazokubaliwa rasmi na Windows 11.

Njia ya tatu ni kuandika kila kifaa kwa jina la aliyekinunua: prosesa, madabodi, RAM na diski ya SSD vyako, kadi ya michoro na kipoza joto vyake, na pawa saplai mkaamua. Kila mmoja ana kauli ya mwisho juu ya chake, na hakuna anayegusa cha mwenzake bila ya kuuliza. Ubaya wake utaonekana siku atakapooa na kuhama, kwa sababu ataondoka na vipande vya kompyuta inayokulisha. Hili linanirudisha kwenye jambo ambalo hukulitaja: laki tisa zile ni zawadi, ni hisa, au ni mkopo? Mama yenu anapokuambia umwachie kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, sijui kama anafahamu kwamba kuna fedha za watu wawili na kazi za wateja ndani yake. Pengine ukimweleza hivyo, kwa heshima na mdogo wako akiwepo, ushauri wake utakuwa mwingine, au atausimamia uleule kwa sababu ambazo wewe huzijui.

Ukiniuliza ninaelemea wapi, nitakuambia kwamba ningeanza na vitu visivyo na gharama, na fedha ya kwanza kutoka ningeipeleka kwenye pawa saplai na UPS, hata kabla ya prosesa, maana umeme ukikatika katikati ya kurenda hauulizi kama kompyuta imeovaklokiwa au la. Lakini mimi siishi nanyi, na huenda kwenu amani ya nyumba ina thamani kuliko tofauti ya prosesa mbili. Lolote mtakaloamua, video halisi za kila harusi zikae kwenye diski mbili tofauti za nje mpaka mteja athibitishe kupokea, kwa sababu RAM iliyoharakishwa kupita kiasi inaweza kuharibu faili kimyakimya.

Na kama hujafanya hivyo, yule bibi harusi wa Muscat anaweza bado kutumiwa video yake kwa intaneti, na nakala nyingine ukampelekea mama yake mwenyewe nyumbani.

Mkishafanya jaribio la mipangilio ya kiwandani, niandikie tena. Nitajie kamera yako kwa jina, programu unayohariria, amperi mlizozikuta kwenye safu ya 12V, na kama kuzima kumekoma au kumeendelea. Mdogo wako naye akipenda aandike aya yake mwenyewe katika barua hiyo, nitamjibu yeye pia.

Mshauri wako